Maisha Yanapobadilika Ghafula

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha ibada ya asubuhi.)

Najua wengine wenu wakati huu mko jikoni mnachemsha chai, wengine mnawavisha watoto nguo za shule, na wengine mmo ndani ya matatu mkielekea kazini. Popote ulipo, nakuomba unitegee sikio kwa dakika chache. Leo ningependa tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo halimwachi mtu yeyote, mdogo kwa mkubwa, nalo ni haya mabadiliko makubwa yanayotujia maishani.

Nianze na neno moja ambalo sisi wazazi tunalipenda sana. Mtoto akihamishwa shule akalia, twamwambia, "Utazoea." Msichana akiolewa mbali na kwao, akapiga simu usiku huku sauti inatetemeka, mama yake humjibu, "Utazoea, mwanangu." Mzee akistaafu kazi, wenzake humpiga begani wakisema, "Utazoea." Neno hili si la uongo. Mwanadamu huzoea mengi. Lakini mara nyingi tunalitumia kama mtu afungavyo mlango, ili tusisikie kilio kilichoko upande wa pili. Nalijua jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe nimelifanya, tena kwa mtoto wangu wa kumzaa. Nitawaeleza.

Mimi nilizaliwa katika milima ya Taita, si mbali na Wundanyi. Wanaopajua wanakumbuka ukungu wa asubuhi na baridi ya mwezi wa saba. Nilipokuwa na umri wa miaka minane, baba yangu alifariki. Mama akabaki na watoto wanne, nami nilikuwa wa kwanza. Baada ya mazishi wazee walikaa, wakakubaliana kwamba nichukuliwe na baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, ili nipate kusoma. Uamuzi huo ulikuwa wa upendo, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake hadi leo. Lakini mimi hakuna aliyenieleza. Niliambiwa tu kwamba naenda kumtembelea baba mdogo. Nilipoona nguo zangu zote zimo sandukuni, hata zile zilizokuwa zimenipungukia, nikajua kwamba hii si ziara.

Mama alikuwa amenifumia sweta ya kijani kwa ajili ya baridi ya kwetu. Niliivaa siku ya safari. Basi liliteremka mpaka Voi, likashika njia ya pwani, na joto likawa linazidi. Sikuivua. Tulifika Kisauni jioni, watoto wote wa mtaa wakicheza vifua wazi, na mimi nimesimama katikati yao nimevaa sweta, jasho linanitiririka. Binamu zangu walinicheka. Nikalala nayo, nikaamka nayo. Watu wazima waliokuja kutusalimu walisema, "Mvueni huyo, atazoea."

Mama mdogo hakusema hivyo. Usiku wa tatu alikuja akaketi kando ya kitanda changu, akaniuliza, "Mwanangu, sweta hii umefumiwa na mama?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaishika ukingo, akaitazama. "Amefuma vizuri sana. Basi nipe niifue usiku huu, na asubuhi nitakurudishia. Ivae mpaka wewe mwenyewe utakapochoka nayo." Asubuhi niliikuta imekunjwa kando ya mto, ingali na unyevu kidogo, nikaivaa. Niliivaa kwa siku nyingi. Siku niliyoivua siikumbuki kabisa. Ninalokumbuka ni kwamba hakuna aliyenilazimisha.

Wapenzi, nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia, tulisoma kitabu cha kwanza cha Samweli, nami nikafika sura ya 2, mahali wengi wetu tunapopita haraka. Mwajua habari za Hana. Alimwomba Mungu mtoto, akampata, na alipomwachisha ziwa akampeleka Shilo akae na kuhani Eli. Tunapenda kuhubiri juu ya sala ya Hana, na juu ya sauti iliyomwita Samweli usiku. Lakini kati ya mambo hayo mawili Biblia inatuambia neno dogo: kila mwaka Hana alimshonea mtoto wake joho dogo, akampelekea alipokwenda na mumewe kutoa dhabihu.

Hebu fikirini, enyi akina mama. Hana hamwoni mtoto wake kila siku. Anaposhona lile joho nyumbani Rama, hana budi kukisia. Mwaka huu amefika wapi? Mabega yamepanuka kiasi gani? Kila mwaka joho lilikuwa kubwa kuliko la mwaka uliopita. Joho lile halikumrudisha Samweli nyumbani, wala halikufuta yale mabadiliko. Lilimwambia tu kwamba yupo mtu anayekumbuka yeye ni nani, na anayejua ya kuwa anakua. Niliposoma habari hizo nilifunga kitabu, nikaenda nje, nikaikumbuka sweta yangu ya kijani.

Pengine mwafikiri kwamba mtu aliyefundishwa namna hiyo hawezi kukosea. Nami nilikosea. Miaka michache iliyopita nilihamishwa kutoka mtaa wa mashambani, nikapewa kanisa la mjini. Binti yetu alikuwa na umri wa miaka tisa. Tulihama siku ya Jumatano, kwa sababu lori lilipatikana Jumatano. Yeye hakulia hata kidogo, nami nikajisifu kwamba nina mtoto jasiri. Baada ya wiki mbili akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu. Kila asubuhi kabla ya shule alisema tumbo linamuuma. Daktari alimpima asione ugonjwa. Nami nilikuwa na shughuli nyingi za kanisa jipya, na kila alipolalamika nilimjibu, "Utazoea." Siku moja, Mungu anisamehe, niliongeza kwamba mtoto wa kasisi hatakiwi kuwa mlegevu.

Mke wangu aliyasikia hayo. Usiku ule hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe ulipotolewa Taita, ulizoea kwa siku ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaondoka nikaenda kwenye chumba cha mtoto, nikaketi kando ya kitanda, nikamwuliza, "Umeacha nini kule?" Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, nimeacha urefu wangu." Sikuelewa. Akanieleza kwamba katika nyumba ile ya zamani, kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, mama yake alikuwa akimpima kila siku ya kuzaliwa kwake na kutia alama kwa kalamu. Alama zilikuwa saba. Alikuwa amesikia kwamba kasisi mpya atapaka nyumba rangi. Tena akasema hakupata kumwaga mwalimu wake, kwa kuwa alitolewa shuleni katikati ya juma, na daftari lake bado liko huko.

Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu, tukarudi. Kasisi aliyenifuata na mkewe walitupokea kwa chai. Tulichukua kamba, tukapima kila alama na kuifungia fundo, na yeye mwenyewe akaishika ile kamba kwa mikono miwili njia nzima. Tulipitia kwa mwalimu wake, wakaagana. Jioni tukazitia zile alama saba kwenye mlango wa nyumba mpya, na juu yake tukatia ya nane. Tumbo halikupona siku ile. Liliendelea kuuma kwa majuma kadhaa, kisha likawa linauma mara moja moja, kisha likaacha. Lakini tangu usiku ule alikuwa anasema yaliyomo moyoni, nami nilikuwa nasikiliza.

Wazazi wenzangu, mtoto hana maneno mengi ya kueleza msiba wake. Huueleza kwa tumbo, kwa kitanda kilicholowa, kwa ukaidi, kwa kushuka darasani, au kwa ukimya ambao sisi tunaudhania kuwa ni adabu. Iwapo mnahama, au mtoto anakwenda shule ya bweni, au, Mungu aepushe, kama baba na mama wanatengana au mmoja wao amefariki, mwambieni mtoto ukweli mapema, kwa maneno ayawezayo. Msimwambie ni ziara kama si ziara. Mpeni nafasi ya kuaga watu na mahali. Na katika yale yote yanayobadilika, wekeni moja lisilobadilika, hata likiwa dogo: sala ile ile ya usiku, wimbo ule ule, uji wa Jumamosi asubuhi. Tena msiharakishe kumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mtoto aliyeambiwa kwamba Mungu ndiye aliyemchukua baba yake anaweza kumwogopa Mungu huyo miaka mingi.

Sasa niwageukie watu wazima. Sisi pia hulia, ila tumejifunza kulia kwa ndani.

Katika kanisa letu yuko mzee mmoja aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka 35. Alipofikisha miaka 60 akastaafu, akafanyiwa karamu, akapewa saa ya ukutani. Baada ya miezi miwili mkewe alinijia akiwa na wasiwasi. Alisema kila siku saa kumi na moja alfajiri mzee anaamka, ananyoa ndevu, anavaa shati na tai, anakwenda mpaka stendi ya matatu. Hapandi. Anasimama tu akitazama watu wanaokwenda kazini, mpaka saa mbili, kisha anarudi nyumbani na kuketi. "Kasisi," aliniuliza, "mume wangu anapotewa na akili?"

Asubuhi iliyofuata nilikwenda pale stendi, nikasimama kando yake. Hakushangaa kuniona. Tulisimama kimya, kisha akasema, "Kasisi, miaka 35 watu wameniita kwa kazi yangu. Simu ilikuwa hailali. Sasa hailii. Nikiamka asubuhi sijui mimi ni nani." Neno lile "utazoea" lilinijia mdomoni, nikalimeza. Nikamwambia, "Mzee, hilo ni gumu kweli." Nilirudi siku iliyofuata, na nyingine.

Baada ya muda, yeye mwenyewe aliniuliza juu ya daftari letu la ubatizo, ambalo kurasa zake zilikuwa zimeanza kuchakaa. Akaomba anakili yale majina upya kwa mwandiko wake mzuri. Hadi leo huamka saa kumi na moja, huvaa tai yake, lakini sasa anakuja kanisani. Sisemi kwamba huzuni imemwisha. Ziko siku ambazo bado humkuta pale stendi. Nami nikimwona, husimama naye.

Tukisoma kitabu cha Ruthu tunaona kwamba Naomi alirudi Bethlehemu bila mume na bila wana wake wawili. Wanawake wa mji walipomwita kwa jina lake, alikataa, akawataka wamwite Mara, maana maisha yake yamekuwa machungu. Biblia haisemi kwamba wale wanawake walimkemea, wala Ruthu hakumwambia anyamaze. Alikaa naye tu, na kulipopambazuka akaenda kuokota masazo ya mavuno ili wale. Huo ndio utumishi ambao kila mmoja wetu anauweza: kukaa na mtu, na kuhakikisha kwamba amekula.

Tena nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia barua watu wake waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Manabii wengine waliwapendeza kwa kusema kwamba watarudi nyumbani upesi, katika miaka miwili. Yeremia aliwaambia kweli: ni miaka 70. Hilo lilikuwa neno gumu. Lakini kwa kuwa aliwaambia kweli, aliweza pia kuwapa kazi: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee heri mji ule wa ugeni. Hakuwaambia waisahau Yerusalemu. Mtu anaweza kupanda mboga katika nchi ya ugeni huku akiomba ameuelekea mji wake.

Ewe ndugu uliyepoteza kazi, ewe mama uliyebaki na nyumba tupu baada ya watoto kuondoka, ewe kijana uliyeoa juzi ukashangaa kwamba hata jambo jema linaweza kumchosha mtu, usione haya. Mtafute mtu mmoja umwambie kweli. Jihadhari na pombe, maana hukopesha usingizi wa leo na kudai riba kesho. Na ikiwa miezi inapita huli, hulali, wala huoni sababu ya kuishi, usikae kimya. Mwambie daktari leo. Kwenda kwa daktari si upungufu wa imani.

Kabla sijamaliza, nataka niwarudishe Kisauni. Nyumba ya baba mdogo haikuwa mbali na mahali paitwapo Kengeleni, ambapo hadi leo yapo makumbusho ya kengele ya Frere Town. Makao hayo yalianzishwa na Chama cha Misioni cha Kanisa, CMS, mwaka 1875, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Waliotangulia miongoni mwao walikuwa wametekwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakapelekwa mbali mpaka India, katika shule ya misioni huko Nashik. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Kiyao jina lake Chengwimbe. Huko alipewa jina geni, akaitwa Matthew Wellington. Alipokuwa kijana alirudishwa Afrika kumtumikia Dakta Livingstone, na Livingstone alipofariki mwaka 1873, alikuwa miongoni mwa wale waliouchukua mwili wake kutoka bara mpaka pwani. Baadaye aliishi Mombasa, akafariki mwaka 1935. Wengine wawili waliopitia India, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885.

Nilipokuwa mtoto nilipita pale kengeleni kila siku nikienda shule, nisijue lolote. Leo nikipita nasimama. Sitaki kusema kwamba Mungu aliupanga utumwa. Utumwa ulikuwa dhambi, na wale watoto waliporwa mama, lugha, na hata majina yao. Lakini nasema hili: jina la Chengwimbe halikupotea. Mtu aliyepewa jina geni katika nchi ya ng'ambo alilishika jina la kwao, na ndiyo maana leo twaweza kulitaja hapa redioni. Na Mungu aliyemwona katika jahazi alimwona pia katika uzee wake.

Bwana wetu naye alihamishwa akiwa mtoto mchanga, usiku, kutoka Bethlehemu kwenda Misri, na baadaye kwenda Nazareti. Anajua namna ilivyo. Kwa hiyo asubuhi hii, kabla hamjatoka nyumbani, mtazameni aliye karibu nanyi ambaye maisha yake yamebadilika. Msimwambie "Utazoea." Mwulizeni, "Umeacha nini kule?" Kisha mkae mpate kusikiliza jibu.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe hubadiliki. Watazame watoto watakaolala usiku huu katika nyumba wasiyoizoea. Watazame wazee walioamka leo bila kazi ya kwenda, na wajane waliotandika kitanda kwa ajili ya mtu mmoja. Tusamehe sisi tuliowanyamazisha. Tupe subira ya kusimama nao, na utuonyeshe kila mmoja wetu jambo dogo analoweza kulitenda leo. Twaomba haya kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki. Kwaherini.